Mabuyu yamefika Nairobi yakiwa yameshikana? Kagua kona ya mfuko

Chukua mfuko wa zipu, ule mdogo mwangavu. Hukosi mmoja kwenye droo ya jikoni, kwenye begi la vipodozi ama ndani ya lile boksi la vifungashio uliloagiza siku ulipopata jina la biashara yako. Sasa chukua makasi, ukate mfuko huo katikati kutoka mdomoni kwenda chini, kisha utazame pale makasi yalipopita kwenye zipu. Tumia kamera ya simu, vuta picha karibu. Upande mmoja utaona ukingo wenye kichwa kipana na shingo nyembamba, kama uyoga. Upande wa pili kuna mtaro ambao mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo lake.

Basi. Hakuna gundi, hakuna sumaku, hakuna chuma. Mafundi wetu huita kinachoingia dume na kinachopokea jike, na hapa majina hayo yanatosha kabisa.

Umeharibu mfuko mmoja, najua, lakini huenda umeokoa mia. Siku hizi ukizunguka Instagram ama TikTok dakika kumi tu, utakutana na kijana anayeuza kitu kilichofungwa hivi: karanga za kukaanga, krispi za mhogo, majani ya chai, pilipili ya kusaga, achari za embe na, bila shaka, mabuyu ya Mombasa. Hapo ndipo chapaa ilipo. Na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. "Mbona mabuyu yameshikana?" "Karanga zimelegea." "Hii kitu inanuka mafuta ya zamani." Muuzaji anamlaumu aliyekaanga, aliyekaanga anamlaumu mkulima, na mwenye bodaboda anaambiwa aliukalia mzigo. Mfuko haulaumiwi na yeyote. Si ulikuwa umefungwa? Zipu ililia tik!

Shida ni kwamba zipu haikutengenezwa kufanya kazi unayoipa.

Tuanze na inachojua kufanya. Plastiki ya mifuko hii aghalabu ni polithini, ile laini inayopinda na kurudi. Ukibana kwa vidole, kichwa cha dume kinapanua midomo ya jike, kinaingia, halafu midomo inarudi na kukishika shingoni. Ukifungua, mambo yanaenda kinyumenyume. Hakuna kinachokatika, kuna kupinda tu, na ndiyo maana mfuko mmoja unaweza kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Ila kupinda nako kuna mwisho wake. Mfuko uliokaa juani kwenye dirisha la duka hukauka na kupoteza ule mrudio. Na punje moja ya chumvi ama sukari ikinasa mtaroni, dume halikai sawasawa. Ukiuza mabuyu unaielewa hii vizuri, maana vumbi la sukari na rangi huishia pale pale mdomoni unapomimina. Futa mtaro kwa kitambaa kikavu kabla ya kubana. Ni sekunde mbili tu.

Sasa kuna ujanja mmoja ambao watu wengi hawauoni. Funga mfuko ukiwa na hewa ndani, ubane tumboni. Unakataa kufunguka. Halafu vuta midomo yake kutoka nje kwa vidole viwili. Unafunguka bila vita. Zipu ni ile ile, kwa nini nguvu zisilingane? Kwanza, ukivuta kutoka nje unaibandua zipu kidogo kidogo kuanzia sehemu moja, ilhali hewa ya ndani inasukuma mstari wote kwa pamoja. Pili, katika zipu zilizobuniwa vizuri, kichwa cha dume hakina mabega sawa. Kulabu ya upande mmoja ni kubwa kuliko ya upande wa pili, makusudi, ili kilichomo ndani kipate taabu kutoka na mkono wako usipate taabu kuingia. Tazama pia midomo yenyewe. Mara nyingi mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwenziwe, upate pa kushika hata ukiwa na vidole vya mafuta.

Ule mlio wa tik-tik-tik unapopitisha kidole nao si bahati. Katika baadhi ya mifuko, kiwanda huiminya zipu kidogo kila baada ya nafasi fulani ili usikie na uhisi kwamba imeshika. Miaka ya 1980 kampuni ya Glad huko Marekani ilitumia njia nyingine: mstari mmoja wa njano, mwingine wa samawati, na vikikutana unaona kijani. Hujaona kijani, hujafunga. Mimi hiyo naipa heko kuliko mlio, maana jikoni kwetu redio huwa juu.

Yote haya yalianza bila mtu kuwaza chakula. Mwaka 1951, familia ya Ausnit, wenye viwanda waliotoka Romania ilipoangukia mikononi mwa Wakomunisti, ilinunua haki za zipu ya plastiki iliyobuniwa na Borge Madsen. Madsen mwenyewe hakuwa na matumizi maalumu akilini. Steven Ausnit, babake Max na amu yake Edgar wakaanzisha kampuni ya Flexigrip. Zipu ya mwanzo ilikuwa na kile kidude cha kutelezesha, kama cha jaketi, na gharama yake ikawa juu. Steven, ambaye alikuwa mhandisi, akaunda ile tunayoijua, ya kubana kwa vidole.

Kisha kikaja kisa ambacho kila mwenye biashara changa anafaa kukijua. Kampuni ya muziki ya Columbia ilikuwa karibu kukubali kuuza sahani za santuri ndani ya mifuko ya zipu. Kikao cha mwisho, kila kitu kiko tayari. Mkubwa wa pale akamwita msaidizi wake, akampa mfuko uliofungwa na kumwambia aufungue. Yule dada akaugeuza huku, akaugeuza kule. Ausnit alisimulia baadaye jinsi moyo wake ulivyozidi kuzama kila alipomwona akiutazama. Mwishowe dada akairarua zipu yote na kuing'oa. Dili ikafa hapo hapo. Hakuwa mjinga. Hakuwa amewahi kuona kitu cha plastiki kinachofungwa tena, basi alifanya ambacho kila mtu alifanya na pakiti za wakati ule.

Mwanzoni zipu ilitengenezwa peke yake kisha ikabandikwa kwenye mfuko kwa joto, kazi ya polepole na ghali. Mwaka 1962 Ausnit alipata habari kwamba kampuni moja ya Japani, Seisan Nippon Sha, imegundua namna ya kuitoa zipu pamoja na mfuko wenyewe, kitu kimoja, kwa gharama iliyopungua karibu nusu. Akanunua leseni na kuanzisha kampuni nyingine, Minigrip. Dow Chemical nao wakaomba haki ya kuuza madukani, na mwaka 1968 wakaingiza sokoni kwa majaribio mifuko iliyoitwa Ziploc. Jina hilo la kampuni moja ndilo leo unalolisikia likitajwa kwa kila mfuko wa aina hii, hata ule usio na jina lolote.

Njoo sasa kiwandani, kwa sababu hapa ndipo tatizo la mabuyu yako linapozaliwa. Punje za polithini humiminwa kwenye pipa refu la chuma lenye skrubu kubwa inayozunguka. Joto na msuguano huziyeyusha ziwe uji mzito. Uji huo hupenyezwa kwenye tundu la duara, na hewa hupulizwa katikati, plastiki ikapanda juu kama puto refu lisilo na mwisho. Likishapoa hubanwa na rola mbili na kuwa shuka bapa la pande mbili. Katika njia ile ya Wajapani, lile tundu la duara lina nakshi zilizochongwa ukingoni, moja kwa umbo la dume na nyingine kwa umbo la jike, kwa hiyo puto linatoka likiwa tayari na zipu mgongoni. Njia nyingine, ambayo bado inatumika sana, ni kutoa zipu kama kamba na kuichomelea kwenye shuka baadaye.

Unene wa shuka hupimwa kwa maikroni, ingawa wauzaji wa vifungashio wengi watakutajia geji. Geji 100 ni takriban maikroni 25. Ukiambiwa geji 200, hesabu maikroni 50 hivi. Muulize muuzaji kabla hujalipa, na akikwambia tu "hii ni ile ngumu, boss", jua hajui.

Halafu inakuja kukata. Shuka lenye zipu ndefu linapita chini ya kisu cha moto, na kila kisu kinaposhuka kinafanya kazi mbili: kinakata, na kinaziba ubavu wa mfuko huu na ubavu wa ule unaofuata. Kwenye plastiki tupu hilo ni jambo rahisi. Lakini kisu kikifika kwenye zipu, kinakutana na mrundiko mnene wa dume na jike, mara kadhaa ya unene wa shuka. Joto lile lile, muda ule ule, halitoshi. Kiwanda makini huiponda zipu kwanza pale itakapokatwa, kwa joto ama kwa mtetemo wa kasi, mpaka ikawa bapa na kushikamana. Kiwanda kinachokimbiza idadi hupita tu. Unabaki na kijitundu kila kona, pale zipu inapokutana na ubavu. Huwezi kukiona kwa macho, ila hewa yenye unyevu inapita humo usiku na mchana.

Ndiyo maana nakwambia ukague kona. Kipimo chake hakihitaji maabara. Jaza mfuko hewa, ufunge, uuzamishe kwenye karai la maji na uubane taratibu. Mapovu yatakuonyesha. Chukua mifuko kumi kutoka kwenye pakiti, usichague. Kama mitatu inatoa mapovu, rudisha pakiti yote.

Lakini hata kona zikiwa fiti, turudi kwa lile nililosema mwanzo. Zipu si muhuri. Itazame vizuri mifuko ya kusimama ambayo kampuni kubwa hutumia. Juu kabisa kuna mstari uliozibwa kwa moto. Chini yake kidogo, pembeni, kuna mkato mdogo wa kuraria. Chini ya mkato ndipo zipu ilipo. Mpangilio huo una maana. Muhuri wa moto ndio unaolinda bidhaa kutoka kwako hadi kwa mteja, rafuni, garini, popote. Zipu inaanza kazi siku mteja anaporarua, ili asimalize karanga zote kwa mkao mmoja. Kwa hiyo mlinzi wa bidhaa safarini ni wewe na mashine yako ya kuzibia, na zipu umemnunulia mteja. Ukibana zipu tu na kumpa mtu wa bodaboda, umempa mlango uliorudishwa bila komeo. Isitoshe, mteja hana njia ya kujua kama kuna mtu alishafungua na kuchovya kidole.

Mashine ndogo ya kuzibia ya mkono inatosha kwa anayeanza. Polithini ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za selsiasi, kwa hiyo haihitaji moto wa ajabu, inahitaji mdomo mkavu na msafi. Sukari ama mafuta yakiwa kwenye mstari wa kuziba, muhuri utaonekana umeshika kisha utaachia njiani.

Kuna jambo la pili ambalo muhuri peke yake hautibu. Polithini inazuia maji vizuri, hata mvuke wake. Oksijeni, la. Inapita ndani ya plastiki yenyewe, polepole, na mafuta ya karanga yakikutana nayo siku baada ya siku yanaharibika. Ile harufu ya mafuta ya zamani ndiyo hiyo. Kwa hiyo karanga kwenye mfuko mwangavu wa polithini pekee ni bidhaa ya kuuzwa haraka. Ukitaka zikae, unahitaji mfuko wa matabaka, wenye plastiki nyingine ama karatasi nyembamba ya alumini katikati. Mwanga nao huongeza kasi, kwa hiyo kile kidirisha kizuri kinachomwonyesha mteja karanga kinakulipisha kwa upande mwingine.

Na usifungie kitu kibichi. Karanga ambazo hazijakauka vizuri, ukizifungia ndani ya mfuko mzuri usiovuja, umezijengea kuvu chumba cha kulala. Kuvu wa karanga anaweza kuacha sumu ya aflatoksini, na hiyo haitoki kwa kukaanga upya. Hapo hakuna mzaha.

Tukiwa kwenye matabaka, hebu tuseme ukweli kuhusu ile mifuko ya khaki ambayo kila mtu ameipenda. Umbo lake la kusimama lilibuniwa Ufaransa na Louis Doyen mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado wauzaji wengi huiita doipaki kwa sababu yake. Inapendeza, inapigwa picha vizuri, na wengine huandika juu yake "rafiki wa mazingira". Ikate kwa makasi kama ulivyoukata ule wa kwanza, kisha ubandue karatasi. Ndani kuna plastiki. Lazima iwepo, maana karatasi tupu haizuii unyevu na haizibiki kwa moto. Tatizo ni kwamba karatasi na plastiki zilizogandishwa pamoja ni taabu kutenganisha, na kwa hiyo ni taabu kurejeleza. Mfuko mwangavu wa polithini tupu, unaoonekana mbaya machoni, unaweza kuoshwa ukatumika tena na hata kuyeyushwa upya. Uchague wa khaki kwa sababu unalinda bidhaa yako, lakini usimwambie mteja hadithi.

Ama kuhusu sheria, wengi wanadhani zipu ni kinga. Marufuku ya Kenya iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilitaja mifuko ya aina mbili, ya kubebea yenye vishikio na mifuko bapa isiyo na vishikio. Fafanuzi hiyo ya mfuko bapa haimsamehi mtu kwa kuwa wake una zipu. Kilichoachwa nje ni vifungashio vya viwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja, bidhaa ikifungwa pale inapotengenezwa. NEMA ilitaka vifungashio hivyo viwe na maandishi ya kudumu yanayoonyesha aliyevitengeneza na anayevitumia, na visigawiwe kaunta. Kwa lugha ya mtaani: kufungia mabuyu yako ukiwa umeweka chapa yako ni stori moja, kumpimia mteja mabuyu kutoka kwenye ndoo na kumtilia kwenye kifuko kitupu ni stori nyingine. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ama kifungo cha mwaka 1 hadi 4, ama vyote viwili. Kabla hujaagiza maelfu ya mifuko, pita ofisi ya NEMA ya kaunti yako uulize kuhusu mfuko ulio nao mkononi, si mfuko wa mtu mwingine.

Majirani wametazama zipu kwa jicho lao. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, iliwaruhusu wageni kuingia na mifuko ya zipu ya kubebea vitu vya kuogea, kwa hoja kwamba mgeni ataondoka nayo. Mfuko unaokaa na mwenyewe haufiki mtaroni.

Mwisho, kwa wewe unayefungia Mombasa na kutuma Nairobi. Mzigo wako unapanda. Kutoka baharini, kupitia Voi na Mtito Andei, hadi Nairobi ni kupanda kama mita 1,800, na hewa ya juu ni nyepesi. Hewa uliyoifungia Mombasa inataka kutanuka kwa zaidi ya asilimia 20 ikifika Nairobi. Inasukuma kila upande, na itatokea pale penye udhaifu. Kama ulibana zipu tu, itapumua kupitia hapo, kisha usiku kukipoa ivute nyingine ndani. Kama ulijaza mfuko hewa nyingi ili uonekane mnene, unaweza hata kuachia muhuri. Kwa hivyo bonyeza hewa kabla ya kuziba, ila acha kidogo. Piga picha ya mfuko ukiwa Mombasa, na umwombe mteja akupigie mwingine Nairobi kabla hajafungua. Ukiuona umevimba kama mto, muhuri wako umeshika. Ukiuona umelala bapa vile vile ulivyotoka, kuna mahali umevuja, na kwa kawaida ni kwenye kona.